Popo darini kwa mama, Buruburu: nimeambiwa nipulize sumu na kuziba siku hiyo hiyo

BintiWaBuru (Novemba)

Hamjambo wadau. Nyumba ni ya mama, Buruburu hapa Nairobi, zile za ghorofa zenye paa la vigae. Mama ana miaka 74 na chumba chake kiko juu. Tangu Agosti amekuwa akiniambia kuna vitu vinakwaruza darini. Nikadhani ni panya, nikatega mitego miwili, haikunasa chochote.

Jumamosi iliyopita nilienda kulala huko. Saa kumi na mbili na nusu jioni nilikuwa uani naanua nguo, nikaona kitu cheusi kimeponyoka pale ukuta unapokutana na ubao wa ukingo wa paa, juu kidogo ya dirisha lake. Kikafuata kingine. Halafu wakawa wanamwagika kama mtama kwenye gunia lililotoboka. Nilihesabu mpaka 86, giza likanishinda.

Ndani hali si nzuri. Siling bodi ya chumba chake ina doa la kahawia ambalo sasa limefika upana wa sufuria ya ugali, na jua la mchana likichoma, harufu ya mkojo inashuka mpaka kwenye ngazi. Kila asubuhi kwenye kizingiti cha dirisha kuna vinyesi vidogo kama vya panya. Nilikiminya kimoja kwa kijiti, kikavunjika unga, na ndani yake mnang'aa vipande vya mabawa ya wadudu.

Niliita kampuni moja ya kupiga dawa. Kijana waliyemtuma anataka elfu 18: apulize sumu dari nzima, kisha fundi wake azibe matundu jioni hiyo hiyo. Nikamuuliza, je, watakaofia humo ndani watatolewa na nani? Akasema watakauka wenyewe. Mama analala mita mbili chini ya hiyo dari! Nikamwambia asubiri kwanza.

Shangazi naye anasema popo wametumwa na mtu. Mama hataki kusikia maneno hayo, anachotaka ni usingizi. Nami nataka watoke bila kumdhuru mama na bila kuvunja sheria. Nianzie wapi?

KevoUmoja

Pole sana dada. Sisi Umoja tulifukiza pilipili kavu kwenye jiko la makaa, tukaliingiza darini. Walitoka, ila baada ya wiki mbili walirudi, na siku ile nusura mbao zishike moto. Kakangu akajaribu vidonge vya nafthalini, tukaumwa kichwa sisi wenye nyumba, popo wakabaki. Nafuatilia hapa, maana bado tunao.

FundiWaPaa

Dada, umefanya vyema kumzuia huyo kijana. Nimepanda mapaa ya Eastlands na Lang'ata tangu 1996, na kosa analotaka kulifanya niliwahi kulifanya mimi mwenyewe.

Ilikuwa 2004, nyumba ya mabati. Niliziba tundu saa sita mchana nikijua nimemaliza kazi, kumbe wote walikuwa ndani wamelala. Usiku ule wakaanza kutafuta njia kupitia tundu la waya wa taa, wakaingia chumba cha watoto. Siku ya nne harufu ikamfukuza mwenye nyumba. Nilipobomoa siling niliwakuta wengi wamekufa wakiwa wamejibana palipokuwa na ufa wa mwanga, na chini yao vitoto visivyo na manyoya, vyekundu, kila kimoja hakizidi kidole changu kidogo. Siling yote ilishuka. Tangu siku hiyo sigusi tundu la popo kabla sijajua kama kuna watoto.

Hao wako, kwa maelezo yako, ni wale wadogo wanaokula wadudu. Ukimwona mmoja kwa karibu, mkia wake unachungulia nje ya ngozi kama wa panya, na uzito wake haufiki gramu 20. Jike huzaa mtoto mmoja kwa wakati. Watu husoma kwenye intaneti kalenda za Marekani na Uingereza ambako popo huzaa majira ya joto tu. Hapa kwetu hawa wadogo wanaweza kuzaa zaidi ya mara moja kwa mwaka, na mvua huleta wadudu, kwa hiyo mwezi huu wa Novemba nina wasiwasi. Usiamini kalenda, sikiliza. Wakubwa wakishatoka, subiri nusu saa, kisha simama kimya chini ya lile doa. Ukisikia milio myembamba imebaki, kuna watoto. Basi ngoja wiki sita, halafu usikilize tena. Watoto wakishajua kuruka, dari inakuwa kimya wakubwa wakitoka.

Wakati unangoja, mtoe mama chumba hicho ashuke chini. Ziba upande wa ndani: kando ya taa, mfuniko wa kupandia darini, ufa wa siling na ukuta. Hapo huwafungii popo, unawazuia wasiingie chumbani.

Kimya kikishapatikana, kazi yenyewe si ngumu. Zunguka nyumba mchana utafute alama. Tundu la popo lina ukingo mweusi wenye mafuta ya manyoya, na ukuta chini yake una michirizi. Nafasi ya kidole gumba inawatosha. Ziba nyufa zote ambazo HAWAZITUMII, kwa simiti, silikoni, au wavu wa chuma wenye vitundu visivyozidi milimita 6. Bakisha ile wanayotokea. Pale weka kipande cha paipu ya PVC ya inchi mbili, urefu inchi kumi, mdomo ukiangalia chini, kando yake pazibwe. Ndani ya paipu ni laini, popo anateleza kutoka lakini akirudi kucha hazishiki. Usiweke kitu chochote chini ya mdomo huo, hawa wadogo hudondoka kwanza ndipo wanashika hewa. Mahali palipo na ufa mrefu tumia karatasi ya nailoni nzito, uipigilie juu na pembeni, chini uiache ining'inie wazi nusu mita. Chandarua hapana, kucha hunasa. Acha usiku saba, ukipata mvua kubwa ongeza, maana usiku wa mvua wengine hawatoki. Ukihesabu jioni mbili mfululizo asitoke hata mmoja, ondoa paipu na uzibe.

Kuhusu sheria: popo ni mnyamapori, yuko chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013. Kuwaacha watoke wenyewe na kuziba nyumba yako ni jambo moja, kuwakamata au kuwaua ni jambo jingine. Ukiona lazima waguswe au wahamishwe, kwanza zungumza na KWS, shirika la serikali la wanyamapori, ofisi zao kuu ziko Barabara ya Lang'ata. Ukitaka kujua ni aina gani, Makavazi ya Kitaifa yana wataalamu wa mamalia.

MuuguziKayole

Fundi amesema vizuri. Naongeza ya afya, tafadhali msipite haraka hapa.

Msimshike popo kwa mkono mtupu, hasa aliyeanguka chini mchana, huyo huenda ni mgonjwa. Meno yake ni madogo mno, jeraha laweza lisionekane. Akimuuma au kumkwaruza mtu, au akipatikana chumbani alimolala mtoto au mzee, osha mahali pale kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nendeni hospitali siku hiyo hiyo mkaulizie chanjo ya kichaa cha mbwa. Kenya mbwa ndiye chanzo kikuu, lakini popo wana virusi jamaa na hicho. Mwaka 2009 kimoja kilipatikana kwa popo wa pangoni kule pwani, kikapewa jina la Shimoni. Dalili zikishaanza hakuna tiba ya kutegemea, ndiyo maana hatungoji.

Kinyesi kikavu kisifagiliwe. Vumbi lake laweza kubeba kuvu anayeleta ugonjwa wa histoplazimosisi kwenye mapafu, na mama wa miaka 74 asiwe karibu siku ya usafi. Vaeni barakoa ya N95, glavu na miwani, nyunyizieni maji yenye sabuni mpaka kilowe, ndipo mkizoe kwenye mifuko miwili. Zimeni umeme kwanza. Na msimwage jiki (dawa ya klorini ya kung'arisha nguo) kwenye dari iliyojaa mkojo: ikikutana na amonia ya mkojo huo hutoa gesi inayochoma mapafu. Tangi la maji likiwa chini ya paa hilo, lifunikeni.

BintiWaBuru

Asanteni mno. Jana nilisimama chini ya doa saa moja na robo. Milio ipo, myembamba kama ya vifaranga. Mama alikuwa kando yangu ameshika mkono wangu, akaniambia, "Kumbe wananyonyesha. Waache basi." Leo tumeshusha kitanda chake sebuleni. Mzee fundi, hakuna njia ya kuharakisha?

FundiWaPaa

Hakuna, dada. Ukitaka jambo la kufanya, hesabu kila Jumapili jioni uandike. Namba ikipanda ghafla, watoto wameanza kuruka.

BintiWaBuru (Januari)

Nimerudi kama nilivyoahidi. Jumapili ya pili ya Desemba namba ilipanda kutoka 90 hadi 131. Nikangoja Krismasi ipite, nikasikiliza usiku tatu, kimya. Fundi wa mtaani alinifungia paipu mbili na nailoni moja upande wa jikoni, ambako kulikuwa na ufa ambao sikuujua. Usiku wa kwanza walitoka 118. Alfajiri niliwaona wakigusa ukuta pale juu, wanaondoka, wanarudi tena kugusa, na nikiri roho iliniuma. Usiku wa nne walitoka tisa. Wa saba, mmoja. Tulingoja mpaka wa kumi kwa ajili ya huyo mmoja.

Tumezoa magunia mawili na nusu, yaliyolowa, umeme umezimwa, mama akiwa kwa shangazi. Vipande vitatu vya siling vimebadilishwa. Vifaa, fundi na rangi vimenigharimu elfu 11 na mia nne. Harufu bado ipo kidogo siku za jua kali.

Kevo, paipu zangu mbili ziko hapa uani, zimeoshwa. Ukishamaliza kusikiliza ya kwenu, njoo uzichukue.