Guitar Hero Live imeniangusha, nyie wenzangu mliicheza vipi?

Mtoto_wa_Mwaloni
Wakuu habari za jioni. Wale mliowahi kucheza yale magemu ya gitaa, yale unabonyeza vitufe kufuata noti za wimbo zinazopita kwenye tivi, naomba mnisikilize, maana hapa Kirumba, Mwanza, nikiwaelezea washkaji hawanielewi kabisa, wao gemu ni mpira tu.

Mimi Guitar Hero II ndo ilonikuza. Kulikua na kibanda cha gemu karibu na uwanja, PS2 nne na tivi za chogo, tatu zote mpira, ile ya pembeni ndo ilikua na hiyo sidii. Gitaa hatukua nalo, tunacheza na pedi, vile vitufe vya nyuma, na bado ukishika mlolongo mrefu bila kukosea mwili unasisimka mpaka watu wa kwenye mpira wanageuka kuangalia.

Sasa nimejichanga miezi hela ya kupakia dagaa pale Mwaloni nikanunua PS3 ya mtumba pamoja na Guitar Hero Live na gitaa lake. Nimefika hom natia betri naliangalia gitaa, zile rangi hakuna, kijani nyekundu njano bluu chungwa zote zimeondoka, kuna vitufe 6, vitatu vyeusi juu vitatu vyeupe chini. Nikasema sawa ntajifunza. Kilichoniuma ni ule upande wa GHTV, ule wa kucheza kwa mtandao, ndo wenye nyimbo nyingi na ndo muuzaji alinisifia, haufunguki. Nimeunganisha hotspoti ya simu, nimemaliza bando giga 2 nikijua tatizo ni mtandao wangu, na muuzaji nae kila nikimpigia anasema "weka bando". Kuna njia yoyote? Na ilipotoka ilikua hivi hivi au mimi nimechelewa?

Baba_Neema_Nyegezi
Pole sana mdogo wangu, na tafadhali usinunue bando lingine. GHTV ilizimwa tarehe 1 Desemba 2018. Sio PS3 yako, sio mtandao, seva zenyewe hazipo. Gemu limetoka Oktoba 2015, kabla ya kuzimwa lilikua na nyimbo 484, baada ya hapo zikabaki 42 za kwenye diski basi.

Na hata enzi zake mimi sikuipenda. Ilikua kama redio, vituo vinapiga saa 24, unaingia unakuta wimbo ushafika katikati unadandia. Ukitaka wimbo wako mwenyewe unatumia vibali ulivyokusanya kwa kucheza, vikiisha unarudi kusubiri, au ununue kwa hela. Huwezi kununua wimbo mmoja ukawa wako moja kwa moja. Hapo ndo waliponipoteza, maana mimi wimbo nikiupenda naurudia mara hamsini.

Halafu ujue waliotengeneza ile ya kibandani kwenu ni Harmonix, ya kwanza 2005 na ya pili 2006, kisha wakahamia kwenye Rock Band, gemu lao lingine la muziki. Ya tatu 2007 ikafanywa na Neversoft, ikafuata nyingine na nyingine mpaka watu wakachoka kununua, Februari 2011 Activision, kampuni yenye gemu, wakaisimamisha. Hii Live ni FreeStyleGames wa Uingereza. Kwahiyo unalinganisha kazi za mikono tofauti kabisa.

Dada_wa_Kwaya
Kaka mimi nakubaliana na Baba Neema kuhusu seva lakini vile vitufe 6 msivionee. Mimi napiga gitaa la ukweli kanisani, na ile ya kubana cheusi na cheupe kwa pamoja ndo inakaribia kushika kodi (chord) za gitaa, kuliko zile rangi 5 ambazo kidole cha mwisho kinajinyoosha tu kuifata chungwa. Vidole vitatu vinatulia sehemu moja, kazi ni kujua juu au chini. Wiki mbili za kwanza utateseka, kichwa kinasema juu kidole kinaenda chini, halafu siku moja inafunguka.

Kilichonichosha mimi ni zile video. Umati ni watu halisi waliorekodiwa, unawaona kama wewe ndo umesimama jukwaani, ukikosea wanakununia mpaka wenzako wa bendi wanakuangalia vibaya. Mara ya kwanza moyo ulinienda mbio kweli. Mara ya nne unamjua mpaka yule anayenuna wa kwanza.

Mtoto_wa_Mwaloni
Asanteni sana, dada na wewe bro. Yani muuzaji alikua anajua au hajui sijui, ila roho imeniuma. Hizo 42 ntazicheza, shida nyingine nabonyeza kwa wakati kabisa lkn inasema nimekosa.

Fundi_Igoma
Tivi yako ni flati? Hizo zinachelewesha picha kidogo kabla ya kuonyesha, chogo za kibandani zilikua hazina hiyo shida. Ingia kwenye seti ya gemu, kuna sehemu ya kulinganisha picha na sauti, fanya taratibu rudia mara tatu. Na kwenye tivi yenyewe washa gemu modi kama ipo.

Kuhusu nyimbo, tafuta mtu mwenye laptopu muweke Clone Hero, gemu la kompyuta la aina hii hii. Ni ya bure, haili mashine, na ina sehemu ya vitufe 5 na ya 6. Nyimbo watu wanazipanga wenyewe noti kwa noti, zinakaa kwenye folda yako, ukishazipakua unacheza bila bando. Anza na kibodi kwanza, gitaa tutaangalia baadae. Hata wimbo wa bongo unaweza kuupanga mwenyewe ukiwa na subira.

Mtoto_wa_Mwaloni
Fundi, nimelinganisha sasa hivi, mara ya tatu ndo imekaa!! Noti 61 mfululizo, sijafika hapo tangu ninunue. Jumamosi nikitoka Mwaloni jamaa wa Pasiansi anakuja na laptopu yake tuweke hiyo kitu.

Ila mwenye sidii ya Guitar Hero II ya PS2 hapa Mwanza, hata kama imechunika kidogo, aniambie anauza bei gani. Kile kibanda kilishafungwa na sijui vitu vyake viliishia wapi.