Niuze au niendelee kupangisha? Fleti inakula mshahara wangu

Swali

Habari zenu wadau. Miaka 6 iliyopita nilichukua mkopo wa miaka 20, riba asilimia 12 kwa mwaka isiyobadilika, nikanunua fleti ya vyumba viwili ili nipangishe. Nilitegemea kodi ilipe rejesho la benki, lakini haijawahi kutosha. Katika kila 100 ninayopeleka benki, kodi inatoa 70, na 30 natoa kwenye mshahara. Hapo ni miezi ambayo kuna mtu ndani.

Mpangaji wa mwisho kaondoka na deni la miezi mitatu. Nilipofungua mlango nikakuta dari ya jikoni ina doa la maji, rangi ya kutu, pana kama sinia. Nilikaa juu ya ndoo aliyoiacha nikalia.

Dalali anasema niuze hivyo hivyo, mteja anaye, ila bei yake iko chini ya niliyonunulia. Mume wangu anataka tuvumilie, tutafute mpangaji mwingine, kwani miaka 6 si haba na deni litakuwa limepungua sana. Nimechoka kweli. Nishaurini.

Jibu la 1

Pole dada. Kabla ya dalali na kabla ya mpangaji, nenda benki ukaombe taarifa ya deni lililobaki. Kwa mkopo kama wako, baada ya miaka 6 bado unadaiwa karibu 89 katika kila 100 uliyokopa. Miaka ya mwanzo rejesho karibu lote linaishia kwenye riba. Shemeji alione hilo kwa macho yake.

Uliza pia kama kuna tozo ya kumaliza mkopo kabla ya muda. Kwenye bei ya kuuzia toa deni, tozo hiyo, chake dalali na kodi ya serikali kama ipo. Kinachobaki ndicho chako, na kisipobaki kitu utatafuta fedha ya kulipia nyumba ambayo si yako tena.

Jibu la 2

Usiuze na doa! Mnunuzi akiliona hapigi hesabu ya fundi, anakata bei kwa hofu yake.

Chukua penseli, zungushia ukingo wa doa mstari, andika tarehe pembeni. Funga maji yako yote. Doa likivuka mstari wakati kwako kumefungwa, maji yanatoka kwingine, mara nyingi kwa jirani wa juu. Soma kanuni za jengo ujue nani anagharamia.

Jibu la 3

Mimi nilivumilia nyumba ya namna hiyo miaka 9. Kila mpangaji alipotoka nilisema anayekuja atakuwa afadhali. Hesabu kodi ya miezi 10, usihesabu 12, kisha toa kodi ya mwezi mmoja kwa matengenezo. Kwako inabaki miezi 9, yaani 630, na benki inataka 1,200 kwa mwaka. Hata mpangaji mwaminifu kabisa hazibi pengo hilo. Niliuza kwa hasara, na kinachoniuma mpaka leo ni ile miaka niliyochelewa.

Mwenye swali

Asanteni sana, Mungu awabariki. Nilizungushia mstari siku ile ile nikafunga maji. Leo asubuhi doa limeuvuka kwa upana wa kidole. Nimepanda kwa jirani wa juu, naye hakujua, kakubali fundi aingie Jumamosi.

Taarifa ya benki nayo imekuja: 89 na kitu. Mume wangu aliisoma mara mbili, akaniuliza ile hesabu ya 630 nimeitoa wapi, nikamwonyesha hapa. Tumekubaliana kuuza. Mteja wa dalali nimemwambia hapana, kwa sababu bei yake ingetuachia deni. Tutaziba maji kwanza, dari ikauke na kupakwa rangi, ndipo tumwite mthamini.

Fundi wa jibu la 2, nisubiri muda gani baada ya kuziba ndipo nipake rangi?