Kwa nini K-drama moja ipo Netflix, nyingine Viki, na nyingine haipatikani kabisa huku kwetu?

Mwanakombo_K:
Habari wakuu. Tamthilia za Kikorea za mtandaoni zimekuwa nyingi hadi mtu hajui alipie wapi. Naomba mnieleweshe:

1. Mbona Netflix nyingine wanazimwaga zote siku moja, nyingine wanatoa mbili mbili kwa wiki? Na mbona ndugu walioko Marekani wana nyingi ambazo Tanzania hazitokei?
2. Tamthilia ya episodi 16 inakula bando kiasi gani ukiangalia kwa simu?
3. Kifurushi ni cha HD, lakini baadhi ya simu na maboksi ya Android yanatoa picha ya ukungu. Shida ni nini?

Mzee_wa_Ratiba:
Dada Mwanakombo, anza na chaneli ya Korea, Netflix ije baadaye. Nembo ya Netflix juu ya picha haina maana kwamba wao ndio waliotengeneza. Tamthilia ya Crash Landing on You ilirushwa na chaneli ya tvN kuanzia Desemba 2019 hadi Februari 2020, ila huku nje ilibeba nembo ya Netflix kwa sababu walinunua haki ya kuionyesha.

Kwa hiyo zipo za namna mbili. Zile ambazo Netflix wametia hela yao tangu mwanzo hazipiti kwanza kwenye runinga ya Korea, na ndizo zinazomwagwa kwa mkupuo au kwa mafungu. Kwa kawaida hushuka saa sita usiku ya California, ambayo huku kwetu ni saa nne asubuhi. Kuanzia Novemba hadi Machi, Wamarekani wakirudisha saa zao nyuma, inakuwa saa tano.

Zile za chaneli lazima zifuate ratiba ya chaneli. Wakorea hupanga kwa jozi za siku: Jumatatu na Jumanne, Jumatano na Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi, au Jumamosi na Jumapili. Episodi 16 ni wiki nane, hakuna njia ya mkato. Seoul iko mbele yetu kwa saa sita, hivyo ya saa tatu usiku kule ni saa tisa alasiri Dar na Nairobi (saa nane Bujumbura, saa kumi Muscat). Ongeza muda wa kurushwa, zaidi ya saa moja, halafu muda wa kupandisha faili na tafsiri. Kabla ya jioni usijichoshe kuufungua ukurasa kila dakika.

Wingi wenyewe una chanzo. Netflix walifungua Korea na nchi nyingi za Afrika siku moja, Januari 2016. Novemba 2019 wakafunga mikataba miwili ya miaka mitatu mitatu: mmoja na CJ ENM pamoja na Studio Dragon, ambao ndio upande wa tvN, na mwingine na JTBC. Ndiyo maana za chaneli hizo mbili zimejaa humo. Desemba 2024 chaneli ya SBS nao wakatangaza mkataba wa miaka sita. Aprili 2023 Netflix walitangaza dola bilioni 2.5 za kutengenezea vipindi vya Kikorea kwa miaka minne, kwa hiyo usitarajie zipungue karibuni.

Sasa Marekani. Chaneli za KBS, MBC na SBS zina mtandao wao wa pamoja, Kocowa. Ulianzia kuuzwa mabara ya Amerika, na mwaka 2024 ukaongezwa Ulaya na Oceania. Afrika haikuwemo. Na Disney+ ndio wenye tamthilia ya Moving ya 2023. Kusini mwa Sahara walifungua Afrika Kusini mwaka 2022, Tanzania na Kenya hawauzi. Haki huuzwa nchi kwa nchi, na kama hakuna aliyenunua ya kwenu, tamthilia haitokei hata ulipie kifurushi cha juu kabisa.

Fundi_Bando:
Nachukua namba 2 na 3.

Piga hesabu: episodi ya wastani wa dakika 70 mara 16 ni dakika 1,120, yaani saa 18 na dakika 40. Programu ya Netflix kwenye simu ina ngazi za matumizi ya data:

- Kuokoa data: saa 6 kwa GB 1, tamthilia nzima kama GB 3.
- Otomatiki: saa 4 kwa GB 1, karibu GB 4.7.
- Kiwango cha juu: dakika 20 kwa GB 1, yaani GB 56. Humo bando la mwezi linakwisha kabla wapenzi hawajashikana mikono.

Mtego unaowakamata wengi ni hotspot. Ngazi hizo zinafanya kazi simu ikitumia data ya laini yake yenyewe. Ukichukua intaneti ya simu nyingine kwa hotspot, programu inaona Wi-Fi na inavuta inavyotaka. Dawa ni kufungua akaunti kwenye kivinjari, uingie kwenye wasifu wako, kisha mipangilio ya uchezaji. Huko chini ni GB 0.3 kwa saa (tamthilia nzima GB 5.6), kati ni GB 0.7 (kama GB 13), na juu hufika GB 3 kwa saa kwenye HD. Badiliko linaweza kuchukua hadi saa 8 kushika, na linahusu wasifu huo tu. Mtoto akifungua wasifu wake, bado anavuta kwa ngazi ya zamani.

Mwenye bando la usiku apakue. Chagua ubora wa kawaida, na uzime upakuaji wa kujiendesha wenyewe, la sivyo ukimaliza episodi inafutwa na inayofuata inashushwa bila kukuuliza. Kumbuka pia kuwa kilichopakuliwa kina muda: baadhi hufa saa 48 tu baada ya kubonyeza kucheza, na leseni ya tamthilia ikiisha faili linakufa nalo hata kama hujaliangalia. Ikiwa inaondoka ndani ya mwezi, kwenye maelezo yake huandikwa siku ya mwisho ya kuitazama. Soma hapo kabla ya kuanza kitu cha episodi 50.

Namba 3. Fungua mipangilio ya programu ya Netflix kwenye simu, shuka hadi penye vipimo vya uchezaji, utaona Widevine (mfumo wa kulinda video zisinakiliwe) L1 au L3. L3 maana yake kifaa kinalinda video kwa programu tu, bila msaada wa chipu, na Netflix hawakipi HD. Unabaki na picha ya SD hata intaneti iwe ya kasi namna gani. Simu iliyofunguliwa bootloader (programu inayoiwasha simu) au kubadilishiwa mfumo inaweza kushuka kutoka L1 hadi L3. Kwa maboksi hali ni mbaya zaidi: boksi lisilo na kibali cha Netflix huishia SD hata kama kasha limeandikwa 4K kwa herufi kubwa. Mwombe muuzaji awashe na afungue Netflix mbele yako. Na kifurushi cha Netflix cha simu tu kiko 480p kwa makusudi, wala huwezi kukirusha kwenye TV, kwa hiyo hapo usilaumu kifaa.

Bi_Tafsiri:
Naongeza upande wa maandishi, maana huko ndiko watu wanakopoteza nusu ya hadithi.

Ukiona Kiingereza na Kiingereza CC (maandishi ya wasiosikia), na unasikiliza sauti ya Kikorea, chagua Kiingereza kitupu. CC mara nyingi imeandikwa kufuata sauti iliyoingizwa Kiingereza, na maneno yake yalipunguzwa ili yaendane na midomo. Squid Game ilipotoka Septemba 2021 ugomvi wa tafsiri mbovu ulitokana kwa sehemu kubwa na hilo.

Kiingereza pia hufuta majina ya heshima. Oppa ni kaka akitamkwa na mwanamke, hyung ni kaka huyohuyo akitamkwa na mwanamume. Noona ni dada akitamkwa na mwanamume, unnie ni dada huyohuyo akitamkwa na mwanamke. Maandishi huweka jina la mtu tu, "Min-ho", na huoni kwamba dada amemwita oppa kwa mara ya kwanza, jambo ambalo ndilo tukio zima. Sikiliza pia kiishio -yo mwishoni mwa sentensi: kikitoweka, mtu ameacha heshima, ama kwa mapenzi ama kwa dharau. Anayetafsiri Kiswahili kutoka Kiingereza hawezi kurudisha kilichokwisha kufutwa, na inasikitisha kwa sababu kaka, dada, shemeji na shikamoo tunavyo tayari. Kwa hilo Kiswahili kiko karibu na Kikorea kuliko Kiingereza kilivyo.

Viki ni tofauti: tafsiri nyingi hufanywa na watu wa kujitolea, wengine wakikata video vipande vya mazungumzo, wengine wakitafsiri. Huacha oppa kama ilivyo na kuweka maelezo. Ila angalia asilimia iliyoandikwa kando ya lugha. Ikiwa chini ya 100, kuna sehemu hazijatafsiriwa, na kwa tamthilia mpya subiri kidogo baada ya kurushwa.

Mwanakombo_K:
Asanteni sana. Je, VPN (programu ya kuficha uko nchi gani) haimalizi tatizo la nchi? Na mbona tamthilia moja nimeiona ina episodi 16 pengine na 32 kwingine?

Mzee_wa_Ratiba:
VPN kwa Netflix huwa inapunguza: wakiigundua wanakuonyesha zile tu wenye haki nazo dunia nzima, hivyo hata za chaneli zilizokuwepo kwenu zinaweza kupotea. Mtu akilalamika ghafla hazioni, muulize kwanza kama ameiwasha.

16 na 32 ni kitu kimoja. Hadi Julai 2021 chaneli za KBS, MBC na SBS zilikatazwa kuweka matangazo katikati ya kipindi. Kuanzia 2017 hivi wakaanza kukata episodi ya dakika 70 vipande viwili vya 35, kila kipande kikahesabiwa episodi, na matangazo yakaingia katikati. Ukilinganisha orodha mbili, gawanya kwa mbili: episodi ya 23 kwenye orodha ndefu ni nusu ya kwanza ya 12.

Na kabla ya kulipia mtandao wowote, fungua ukurasa wa tamthilia yenyewe kwenye kivinjari bila kuingia akaunti, VPN ikiwa imezimwa. Netflix na Viki wote watakwambia palepale kama haipatikani nchini kwako.