Mjadala: settingi za editori zikae kwenye repo (hifadhi ya pamoja ya kodi) au kila mtu abaki na zake?

Wadau, mtu anatuma marekebisho, kagusa laini mbili tu, ila ukifungua faili zima limekuwa jekundu na kijani kama vile kila laini imebadilika, kumbe editori yake inasevu mwisho wa laini kwa alama za CRLF za Windows na sisi wengine tuko LF, sasa hapo utakagua nini? Mimi nasema .editorconfig moja (faili la settingi ambalo editori nyingi zinalifuata) ikae pale juu ya mradi, indent_style ya Tab au spesi, end_of_line ya mwisho wa laini, yameisha. Mnaosema editori ni mambo ya mtu binafsi niambieni hizo laini mbili nazitafutaje.

—

Mkuu nakuunga nusu. .editorconfig sawa, ila na folda ya .vscode, ya settingi za editori ya VS Code, umeingiza humo humo, nikifungua mradi mpaka saizi ya herufi na rangi zinabadilika, maana settingi za mradi zinazipiku za kwangu. Kinachoandikwa kwenye faili ni cha wote, macho yangu niachie mwenyewe bana.

—

Halafu trim_trailing_whitespace, ile ya kufuta spesi za mwisho wa laini, msiiwashe kila mahali jamani. Kwenye Markdown spesi mbili mwisho wa laini ndio zinashusha maandishi chini, zikifutwa sentensi zinaungana. Na Makefile, faili la maagizo ya programu ya make, inataka Tab, mkiilazimisha spesi make inagoma pale pale na "missing separator". Hizo zipewe vipengele vyake ndani ya .editorconfig.

—

Font na rangi zitoke, sibishi. Ila .editorconfig nayo ina mwisho wake, VS Code haiisomi mpaka uweke ekstensheni, na asiyeweka hakuna wa kumzuia. Ndo maana nataka fomata, programu ya kupanga muonekano wa kodi, ikaguliwe kwenye seva kabla ya kuunganisha kodi. Watu wa lugha ya Go wana fomata yao gofmt, haina settingi ya kuchagua, ni Tab tu, na hawagombani (wanagombania mengine huko).

—

Poa, ila siku ya kufomati mradi mzima iwe komiti (rekodi moja ya mabadiliko kwenye Git, programu ya kutunza historia ya kodi) ya peke yake, hash yake, yaani namba yake ya utambulisho, iingie kwenye .git-blame-ignore-revs, orodha ya komiti za kurukwa, na kila mtu aiseti blame.ignoreRevsFile kwake, Git ina hiyo kitu tangu 2.23 ya 2019. Bila hivyo git blame, amri ya kuonyesha nani aligusa kila laini mara ya mwisho, itakutajia jina la aliyefomati kila laini, hata bagi la miaka mitatu nyuma. Na kabla ya hapo matawi yaliyo wazi, yaani kazi za watu ambazo bado hazijaingia kwenye kodi kuu, yaunganishwe kwanza, la kwangu lina faili kibao, nani anakagua?