Injini ya 5K kwenye gari la kujiundia imejamu baada ya mvua, nianze kufungua wapi?

Ujiji_Fremu

Wakuu, salaam kutoka Kigoma. Gari ni la kujiundia: fremu ya bomba, injini ya Toyota 5K, giaboksi ya Suzuki iliyounganishwa kwa bamba lililochongwa kwenye kerezo. Ekzosti ni fupi na mdomo wake unaangalia juu. Lilikuwa linatembea bila shida, likaegeshwa nje hapa Ujiji tangu Januari hadi mwisho wa Aprili, bila turubai.

Sasa nikiwasha, stata inagonga "ta!" mara moja na taa zinafifia karibu kuzimika. Betri inasoma volti 12.6. Nimeweka soketi kwenye bolti ya puli ya kranki (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni), haisogei hata kidogo. Oili kwenye dipstiki iko kwenye kiwango na rangi yake ni ya kawaida. Kuna fundi ameshauri livutwe na gari lingine likiwa gia ya tatu. Mnasemaje?

Kerezo_Mwanga

Usivute, mkuu. Kama kuna maji juu ya pistoni, maji hayabanwi. Nguvu yote ya gari linalovuta itaishia kwenye konrodi (fimbo inayounga pistoni na kranki) na itapinda. Hapo kazi ya kutoa maji inageuka kazi ya kununua injini.

Ekzosti inayoangalia juu kwenye mvua za huku ndiyo mshukiwa wangu wa kwanza. Maji yanashuka hadi kwenye manifoldi (bomba linalokusanya moshi wa silinda), kisha yanaingia kwenye silinda ambayo valvu yake ya ekzosti ilibaki wazi gari liliposimama. Ndiyo maana mara nyingi inaathirika silinda moja au mbili tu, nyingine zinabaki kavu.

Toa plagi zote nne na uzipange kwa namba. Ile yenye kutu au matone ndiyo itakuonyesha silinda yenye tatizo. Ingiza mrija mwembamba kwenye tundu na unyonye maji kwa sirinji kubwa. Ukifika hatua ya kuzungusha, chomoa waya wa koili na usimame kando, kwa sababu maji yanaruka kwa kasi.

Halafu sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini. Usiiamini dipstiki. Maji ni mazito kuliko oili, yanakaa chini kabisa na oili inaelea juu ikionekana safi. Legeza bolti ya kumwagia polepole, kinga kwenye chupa inayoonyesha, utazame kinachotangulia. Yakitangulia maji, mwaga oili yote. Pitisha sumaku kwenye mabaki: unga unaonata ni chuma au kutu, vipande vya kung'aa visivyonata vinaweza kuwa vya beringi za kranki. Hivyo vya pili vikiwepo, fungua sampu kabla ya jambo lingine lolote.

Bamba_na_Bolti

Nakubaliana kuhusu plagi kwa sababu ni kazi ya dakika chache, lakini gari la kujiundia lina washukiwa ambao gari la kiwandani halina. Kabla ya kuilaumu injini, itenganishe na ulivyoviunga mwenyewe.

Toa mkanda wa feni, zungusha altaneta na pampu ya maji kwa mkono. Kisha toa stata. Bendiksi (gia ndogo ya stata) ikikwama ndani ya meno ya flaiwili (gurudumu zito nyuma ya kranki) inashika injini nzima, na stata ikiwa imefungwa kwenye bamba la kuchonga, kosa dogo la umbali linatosha kuleta hilo. Jaribu kranki tena stata ikiwa nje. Kupitia tundu hilohilo mulika tochi ndani. Skrubu za bamba lako zikilegea zinaingia kati ya bamba na flaiwili na kukaba kama kabari. Utaona mkwaruzo mpya wa duara.

Giaboksi nayo. Kukanyaga klachi hakutoshi kuiondoa kwenye hesabu, kwa sababu gari likikaa kwenye unyevu sahani ya klachi inashikana na flaiwili kwa kutu. Weka nyutro. Isipobadilika kitu, legeza bolti za belihauzingi (ganda linalofunika klachi) na uirudishe giaboksi nyuma milimita 10. Kranki ikilegea hapo hapo, kagua ncha ya shafti ya giaboksi. Ikiwa ndefu inasukuma kranki mbele na kula beringi za kuzuia msukumo. Kranki inapaswa kuwa na uchezaji mdogo wa mbele na nyuma, milimita 0.1 hadi 0.2 hivi. Ukikosa kabisa wakati giaboksi imekazwa, na ukaupata ikilegezwa, bamba ni jembamba mno au shafti ipunguzwe.

Kuhusu umeme: kwa kuwa hata spana imeshindwa, ethi (njia ya umeme kurudi hasi ya betri) haihusiki hapa. Ila kwa wengine wanaosoma, taa zikibaki na mwanga wakati stata inagonga, pimeni kati ya nguzo hasi ya betri na bloku huku ufunguo umezungushwa. Ikizidi volti 0.5, ethi ni mbovu. Injini inayokaa kwenye mipira inahitaji waya wake mnene wa kuiunga na fremu, na wajenzi wengi huusahau.

Ujiji_Fremu

Asanteni sana. Stata nje, mkanda nje, giaboksi imerudishwa nyuma: bado. Hakuna mkwaruzo kwenye flaiwili. Plagi ya 3 imejaa kutu, nyingine kavu. Nimenyonya maji ya kahawia kutoka silinda ya 3. Kwenye sampu yametangulia maji kama nusu kikombe, hakuna vipande vya kung'aa. Sasa kranki inasogea kama upana wa kidole kwenye puli halafu inagoma.

Kerezo_Mwanga

Hiyo ni habari njema. Ni ringi (pete za chuma zinazozunguka pistoni) za silinda ya 3 zimeshikwa na kutu, na beringi huenda ni nzima.

Jambo moja kwanza, kwa sababu 5K inatumia pushrodi (vijiti vinavyosukuma valvu): valvu nayo inaweza kuwa imeganda kwenye gaidi yake (tundu inamoteleza), na ukilazimisha kranki pushrodi inapinda. Fungua kava ya juu, legeza bolti za rokashafti (mhimili wa vidole vinavyobonyeza valvu) kidogo kidogo kutoka pembeni kwenda katikati, uitoe. Pushrodi zichomeke kwenye boksi la karatasi kwa mpangilio wake. Valvu zote sasa zinapaswa kuwa zimefunga. Gonga ncha ya juu ya kila moja taratibu kwa mpini wa nyundo. Nzima inarudi juu kwa springi, iliyoganda inabaki chini.

Changanya asetoni na oili ya giaboksi otomatiki nusu kwa nusu. Mimina mililita 50 silinda ya 3, na 20 kwenye kila nyingine. Asetoni inashika moto haraka, kwa hiyo fanyia nje, mbali na jiko na sigara. Tikisa chombo kila unapomimina, maana vinatengana. Acha siku mbili, ongeza kikipungua.

Kisha tumia pawabaa ya kawaida, bila bomba la kurefusha. Sukuma mbele, rudisha nyuma, mwendo mfupi tu. Ukiona bolti ya puli inaanza kufunguka wakati wa kurudi nyuma, hamia kwenye meno ya flaiwili kupitia tundu la stata. Mwendo ukiongezeka kidogo kila siku, endelea. Usiharakishe duara zima, kwa sababu ringi iliyoganda ikilazimishwa inavunjika na kuchora silinda.

Bamba_na_Bolti

Siku nne zikipita bila nafuu, toa hedi (kifuniko cha juu ya silinda). Safisha kutu yote iliyo juu ya pistoni kwa msasa wa 320 kabla ya kusukuma, la sivyo unaipandisha pistoni kwenye kutu ileile. Tumia kipande cha mbao ngumu na nyundo ya kilo moja, upige pistoni iliyo katikati ya safari yake. Pistoni 2 na 3 zinakwenda pamoja, kwa hiyo unaweza kupiga 2 ili kuisaidia 3.

Ikilegea bila kutoa hedi, weka oili mpya na filta, zungusha kwa stata plagi zikiwa nje hadi taa ya oili izime, halafu pima kompresheni. Tofauti ya silinda na silinda isizidi baa 1. Silinda ya 3 ikiwa chini, mimina kijiko cha oili upime tena. Ikipanda ni ringi. Isipopanda ni valvu, au konrodi imepinda tayari. Oili hiyo ya kwanza imwage baada ya nusu saa ya kuunguruma, kwa kuwa itabeba unyevu na kutu iliyobaki.

Na ukutani mwa silinda, pitisha kucha ukiwa umetoa hedi. Shimo la kutu linalokwama kucha haliondoki kwa msasa. Hiyo silinda inahitaji kuchongwa na pistoni za ovasaizi (kubwa kuliko za awali), na bloku inachongwa zote nne kwa kipimo kimoja.

Ujiji_Fremu

Nimeelewa. Naanza na rokashafti leo. Ekzosti nitaikata na kuigeuza iangalie nyuma, au kifuniko cha bawaba kinatosha?

Kerezo_Mwanga

Igeuze, iwe na mteremko wa kutoka kwenye injini, na utoboe tundu la milimita 3 sehemu ya chini kabisa. Kifuniko cha bawaba kikishika kutu kinabaki wazi.