Wakili kala laki nne haonekani mahakamani, mwanangu anazidi kuzoea kwa baba yake. Nisimame mwenyewe?

Wakuu, nimechoka na nina hasira, mnivumilie.

Desemba baba wa mtoto alimchukua mwanangu wa miaka minne akale sikukuu kwa bibi yake Morogoro. Hakumrudisha. Tulishapita baraza la usuluhishi la kata, likashindwa, nikafungua shauri la talaka mahakama ya wilaya na kuomba nikae na mtoto. Mwenzangu akaja na wakili. Na mimi nikauza cherehani nikaweka wangu.

Tarehe tatu zimepita! Ya kwanza wakili kasafiri. Ya pili kaleta kijana aombe ahirisho. Jana ndiyo kabisa, simu hapokei, nami nipo kwenye benchi tangu saa mbili asubuhi na bahasha yangu ya kaki: kadi ya kliniki, risiti za chekechea, meseji za hela nilizotuma. Hakimu akaniuliza kama niko tayari kuendelea mwenyewe. Nikaogopa, nikaomba tarehe. Wiki tano!

Hela inauma, ila si hiyo inayoninyima usingizi. Kila mtu mtaani ananiambia "mtoto chini ya miaka saba ni wa mama, tulia." Nimekaa nikaisoma Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 125. Ni dhana tu, ushahidi unaweza kuipindua, na hapohapo inaagiza mahakama iangalie pia ubaya wa kumvuruga mtoto kwa kumhamishahamisha. Haya, hesabuni wenyewe. Mtoto yuko huko tangu Desemba, kaanza chekechea hukohuko. Kila ahirisho linampa baba yake hoja: keshazoea, aachwe. Yaani wakili niliyemlipa mimi, kwa kutokuja tu, anamjengea mwenzangu kesi!

Jumapili nimeongea na mwanangu kwenye simu. Akaniuliza kama viatu vyake vyekundu bado nimevitunza. Nikamwambia vipo mlangoni. Akasema usimpe mtu.

Sasa nataka kusimama mwenyewe. Lugha hainitishi, tangu 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Kinachonitisha nilikiona jana hiyohiyo. Mama mmoja hana wakili, kaambiwa amuulize shahidi maswali, akaanza kusimulia alivyofukuzwa usiku. "Uliza, usieleze." Akarudia kusimulia. "Mama, uliza swali." Mwisho akasema sina swali, akakaa. Risiti zake alizishika mkononi mwanzo hadi mwisho, hakuomba zipokelewe kama vielelezo, na kisichopokelewa hakimu hawezi kukitumia kwenye hukumu. Nilimwangalia nikajiona mimi.

Nimeenda kwa wasaidizi wa kisheria, wamenielekeza vizuri na bure, Mungu awabariki, ila wao hawasimami mahakamani kwa niaba yako. Wakili mwingine mpya ni hela nisiyokuwa nayo, na bado ataomba muda wa kusoma jalada.

Naombeni aliyewahi kujisimamia kesi ya mtoto huku mwenzake ana wakili: siku ya kuhoji mashahidi ulifanyaje? Maswali uliyaandika kabla? Na nikimwondoa huyu wa kwangu sasa hivi kwa barua, itanigharimu tarehe nyingine? Msinijibu "muachie Mungu", nimeshamwomba. Nataka wa kuniambia cha kufanya Jumatatu.