Impreza ya tabo: geji ya maji iko sawa lakini chini ya boneti ni tanuri

Mwana wa Bamburi
Assalam aleikum wadau. Nina Subaru Impreza WRX ya 1998, umbo lile la zamani, injini ya EJ20 yenye tabo (ile inayozungushwa na moshi wa egzosi kusukuma hewa ndani ya injini), intakula (kipoza hewa ya tabo) juu ya injini na lile tundu la hewa kwenye boneti. Asubuhi gari inavuta raha, ila jioni nikishakaa kwenye foleni ya Daraja la Nyali na ac imewaka, nikipata nafasi nikikanyaga inakuwa nzito, tabo naisikia inajaza lakini nguvu haiji, mpaka niende mwendo kidogo njia ikiwa wazi ndo irudi. Geji ya maji haitikisiki. Nikifungua boneti joto lanipiga usoni na intakula haigusiki kwa mkono. Fundi mmoja asema ninyanyue boneti nyuma kwa kuweka wosha kwenye bawaba, mwengine asema nifunge bandeji egzosi, wa tatu ataka niweke intakula kubwa mbele. Pesa niliyonayo sasa ni ya kitu kimoja. Nianze na kipi? Gari hii naipenda sana, sitaki ikatwekatwe.

Boksa wa Tudor
Waleikum salaam. Geji ikiwa imetulia basi redieta yafanya kazi, kwa hivo mtu asikuuzie redieta. Joto linalokusumbua si la maji, ni la hewa inayoingia injini. Ukisimama hakuna upepo unaoingia lile tundu la boneti, na tabo ya EJ20 iko kulia kule nyuma, karibu kabisa na intakula. Moshi unaopita kwenye tabo ukikanyaga waweza kupita nyuzi 800, vyuma vyote vile vinashika joto, ukisimama joto lote lapanda juu likae kwenye aluminiamu ya intakula. Sasa ukikanyaga, hewa ambayo ilitakiwa ipozwe yapita kwenye kitu cha moto. Hewa ya nyuzi 60 ni nyepesi kwa karibu asilimia 9 kuliko ya nyuzi 30 kwa presha ile ile, na zaidi ya hapo kompyuta ikisikia injini yataka kugonga (mafuta kulipuka ovyo ndani ya silinda) inachelewesha moto wa plagi kulinda pistoni. Ndo huo uzito.

Kabla hujanunua chochote angalia vitu ambavyo kiwanda kiliweka na mafundi wakavitoa. Kuna bati la kukinga joto juu ya tabo, watu wakifungua tabo boliti zake zikakatika kwa kutu basi bati latupwa. Halafu kuna sponji kati ya intakula na boneti, gari ya umri huu sponji ishakuwa unga, na ikiwa haishiki ile hewa ya tunduni yapita pembeni haiingii kwenye mapezi ya intakula. Kulijua hilo ni rahisi, paka chaki juu ya sponji mzunguko wote, funga boneti, fungua tena, pale ambapo chaki haikuacha alama chini ya boneti ndo hewa inapotorokea. Na lile bamba la chini ya injini, lipo? Hewa iliyopita kwenye intakula yatakiwa ishuke itokee chini ya gari, na bamba lile ndo lasaidia kuivuta, wengi walidhani ni la kuzuia matope tu wakaling'oa.

Kijana wa Changamwe
Mimi boneti yangu iko na wosha na nikiwa kwenye jam naona kabisa joto likitoka nyuma, sasa mbona watu waipinga sana hii kitu? Ni bei ya chai tu.

Boksa wa Tudor
Ukisimama ni kweli ndugu yangu, joto lapanda lenyewe litatoka. Lakini ukishika mwendo, pale chini ya kioo cha mbele upepo wagonga kioo na presha yapanda, kwa hivo badala ya hewa ya moto kutoka hewa ya nje yasukumwa ndani kupitia ule mwanya, na hapo waipunguzia redieta na intakula nguvu ya kupitisha upepo. Tundu la kutolea joto mahali pake ni mbele kidogo, nyuma tu ya redieta, hapo presha iko chini. Na hewa ya kabini yachukuliwa pale pale chini ya kioo, oili ikidondokea egzosi harufu yote waivuta wewe na watoto.

Dada wa Nyali
Naongezea kwa bandeji manake hapa Pwani ni hadithi tofauti na bara. Ile bandeji inapunguza joto kweli, sibishi, lakini inanyonya unyevu, na hewa yetu ina chumvi. Gari ya binamu yangu yalala mita chache kutoka baharini, bandeji ilipofunguliwa chuma cha chini kilikuwa chamenyeka kama maganda na kwenye weldi pameshatoboka. Kama wataka kuzuia joto kwenye chanzo, blanketi la tabo ni bora, lifunike upande wa egzosi peke yake, usifunike ule upande wa hewa wala pale katikati panapopita oili na maji. Paipu ya egzosi ipakwe rangi ya seramiki ukipata pesa. Kumwagia intakula maji ya kupuliza pia kwasaidia, Impreza kadhaa za STI, zile za mbio zaidi, zilitoka nayo kiwandani, ila na unyevu wa Mombasa maji hayakauki haraka kama Nairobi kwa hivo usitegemee miujiza.

Intakula ya mbele mimi singeweka. Yakaa mbali na joto la tabo ndio, lakini paipu zarefuka, tabo yachelewa kuitika, na yakaa mbele ya kondensa ya ac na redieta zote mbili. Wewe unayeishi kwenye foleni na ac, tatizo ulilonalo la hewa utalifanya liwe la maji.

Mwana wa Bamburi
Wallahi shukrani. Nimeangalia leo. Bati la tabo halipo, zimebaki boliti mbili zimeoza. Chaki imeshika upande wa kushoto tu, kulia hakuna alama kabisa. Bamba la chini lipo ila limekatika mbele laning'inia. Halafu feni ya pili nilipowasha ac haikuzunguka, nikabadilisha rilei ikaamka.

Boksa wa Tudor
Basi pesa yako iende kwenye bati, sponji na bamba, bati tafuta la gari iliyokatwa, ukikosa fundi mzuri wa jua kali atalikunja mfano wake. Blanketi baadaye. Kwenye redieta tia kulanti (dawa ya kupozea injini) na maji yaliyosafishwa, si ya kisima, visima vyetu vingi vina chumvi na aluminiamu haitaki. Ukitoka kukimbiza usizime papo hapo, iache iungurume dakika moja tabo ipoe na oili ikipita.

Na kitu kimoja hujauliza, kopo la mafuta ya breki liko upande huo huo wa tabo. DOT 4 mpya yachemka nyuzi 230, lakini ikishanyonya unyevu yashuka mpaka karibu 155. Kama hukumbuki lini ilibadilishwa, ibadilishe wiki hii kabla ya bati.